MAMA NA ARDHI KATIKA HISTORIA YA KILWA



Hakuna Mwislamu wa pwani asiyejua haki ya mama. Mtoto huanza kuisikia chuoni kabla hajajua kusoma vizuri. Huambiwa kuwa Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Sura ya Luqman aya ya 14, ameusia wema kwa wazazi wote wawili, kisha akaitaja taabu ya mama peke yake: mimba inayomdhoofisha siku hata siku, na kunyonyesha kwa miaka miwili. Huambiwa pia kuwa mtu mmoja alimwuliza Bwana Mtume (S.A.W.) ni nani anayestahiki zaidi kutendewa wema, naye akamtaja mama mara tatu, na mara ya nne ndipo akamtaja baba. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.).

Lisilosikika sana ni kuwa Mtume wetu aliitaja ardhi kwa neno la namna hiyo hiyo. Katika Hadithi aliyoipokea Tabarani kutoka kwa Salman Al-Farisy (R.A.), watu wanaamrishwa waiguse ardhi, kwa kuwa hiyo kwao ni "barra". Wako wanavyuoni waliosema makusudio ni kutayamamu, na wako waliosema ni kuweka paji la uso juu ya udongo wenyewe katika sijida. Lakini neno lenyewe, "barra", ni la asili moja na "birr", yaani ule wema tunaoamrishwa kuwatendea wazazi. Ndiyo maana wafasiri wa maneno ya Hadithi wakaeleza kuwa ardhi ina huruma kwetu kama mama mwema alivyo na huruma kwa wanawe. Tumeumbwa kutokana nayo, twaishi juu yake, na ndani yake tutarejea, kama tulivyofahamishwa katika Sura ya Taha aya ya 55.

Hatusemi kuwa ardhi yaabudiwa. Hilo ni shirki, Mungu atuepushe nalo. Tusemalo ni kwamba haki hizi mbili zimekaribiana mno, hata anayeivunja moja ni shida kuisalimisha ya pili. Na kama mtu ataka ushahidi, asiende mbali. Aitazame Kilwa, na pwani yote ya kusini mpaka Lindi.

Nchi iliyotoka ujombani

Historia ya kale ya Kilwa imetufikia kwa njia tatu. Iko ya Kiarabu, iitwayo Kitabu cha Sulwa, ambayo nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877 na sasa imo Uingereza. Iko aliyoiandika Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Na iko ya Kiswahili, iliyotoka kwa wazee wa Kilwa wenyewe na kuandikwa zama za Wajerumani. Zahitilafiana katika majina na katika miaka, lakini zote zamtaja Ali, mtu aliyenasibishwa na Shirazi, na zote zasema kisiwa alikipata kwa kutoa nguo.

Barros ameeleza jambo ambalo yafaa tulitie akilini. Amesema mama yake Ali alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na kwamba ndugu zake wa baba walikuwa wakimdharau kwa ajili ya mama huyo na kwa ajili ya rangi yake. Ali akaona ni bora ahame kuliko kukaa na dharau hiyo. Basi mji ule uliokuja kuishika biashara ya dhahabu ya Sofala, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu uzuri wake na ukarimu wa Sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman, ulianzishwa, kwa mapokezi hayo, na mtu aliyetukanwa kwa sababu ya mama yake.

Mapokezi ya Kiswahili yanaongeza jingine. Yasema kuwa Mshirazi huyo alipofika Kisiwani alimkuta mkubwa wa mahali, Mrimba, mtu wa Wamachinga. Akamletea zawadi, kisha akamposa binti yake, akapewa. Nguo zikatolewa, Mrimba akahamia bara, akamwachia mkwewe kisiwa. Yule binti akazaa mtoto wa kiume, akaitwa Muhammad. Mtoto alipokua alikwenda kumtazama babu yake mzaa mama, na babu ndiye aliyempa mjukuu madaraka ya nchi.

Nguo, basi, zilimpa mgeni ruhusa ya kukaa. Madaraka ya nchi aliyapata mjukuu, kwa njia ya mama yake. Kwa lugha yetu ya nyumbani twaweza kusema kuwa Kilwa ilitoka ujombani. Na jambo hili lilieleweka vizuri katika nchi hii, maana makabila ya bara nyuma ya Lindi, yaani Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, yote kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mlezi wa watoto wa dada yake.

Wako waliokuwa wakisema kuwa hayo ni hadithi za wazee tu. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vilivyopatikana katika mifupa ya watu 80 wa zamani. Wengi wao walizikwa katika miji sita ya pwani, miongoni mwake Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wakaona kuwa kiasi cha karibu miaka 1,000 iliyopita damu za Afrika na za Asia zilikuwa zimekwisha kuchanganyika, na kwamba waliotoka Asia, wengi wao kutoka Uajemi, walikuwa hasa wanaume, na mama wa watu wa pwani walikuwa hasa Waafrika. Neno la wazee, basi, halikuwa la uongo. Baba alikuja na jahazi; mama alikuwako, yeye na ardhi yake.

Tuangalie maana yake. Mgeni hakuja na udongo. Mwenye kujua mvua ya vuli na masika, mahali pa mtama na mahali pa mpunga, kisima kisichokauka na kile kinachoingia chumvi, alikuwa ni mwenyeji, na katika nyumba ya mgeni mwenyeji huyo alikuwa mkewe. Misikiti ya matumbawe na chokaa ambayo twajivunia leo ilisimama juu ya chakula cha mashamba hayo. Anayejivunia Ushirazi wake huku akimsahau binti wa Mrimba amehesabu nusu ya ukoo wake tu.

Mji ulipowauza mama wa wengine

Kilwa haikuidumisha adabu hiyo. Baada ya Wareno kuuvamia mji mwaka 1505 nguvu zake zilipungua, na ulipoinuka tena uliinuka kwa biashara ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya watumwa katika mrima, na misafara ikawa inateremka kutoka pande za Ziwa Nyasa, mpaka soko la Unguja lilipofungwa kwa mkataba wa Sayyid Barghash wa mwaka 1873.

Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Ayyub (R.A.) onyo la Mtume kwa mtu anayemtenga mama na mtoto wake: Mwenyezi Mungu naye atamtenga na wapenzi wake Siku ya Kiyama. Onyo hilo lilikuwa likijulikana, na lilikuwa likivunjwa. Mji ambao mwasisi wake alisemwa kuwa ni mtoto wa mjakazi uliwauza mama wa watu pamoja na watoto wao, kila mmoja na bei yake.

Na ardhi je? Kijiji kilichovamiwa hakikubakiwa na mikono ya kushika jembe. Aliyenusurika alikimbilia mlimani au kichakani, akalima mahali pa kujificha badala ya mahali pa rutuba, na mashamba mazuri yakarudi pori. Faida ilihesabiwa bandarini. Hasara ilibaki bara.

Pamba, karanga na njaa

Wajerumani walipokuja hawakununua watu, bali walitaka kazi zao. Kuanzia mwaka 1902 serikali yao ililazimisha mashamba ya pamba, yaliyosimamiwa na maakida na majumbe. Mtu aliitwa kwenye pamba majira yale yale ambayo shamba lake mwenyewe lilimhitaji, na ujira ulikuwa mdogo, wengine wakaukataa. Kwa hiyo mzigo wa chakula cha nyumba ukamlemea mama zaidi kuliko mwanzo.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, wazee Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba. Hiyo ilikuwa alama ya vita, na vita hivyo ndivyo vya Maji Maji. Alianza mtu wa Umatumbi kwa kuung'oa katika udongo wake mmea aliolazimishwa kuupanda. Na kila aliyejua njaa ya nyumbani kwake alifahamu maana ya tendo hilo.

Yaliyofuata yanatisha. Majeshi ya Wajerumani yalipoona kuwa risasi peke yake hazimalizi vita, waligeukia chakula. Maghala yalichomwa, mashamba yakateketezwa, na njaa ikafanywa silaha. Wanahistoria wa nchi yetu wanakisia kuwa waliokufa ni kati ya watu 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi. Katika njaa, ndugu msomaji, anayekufa kwanza ni mtoto, na anayekaa na njaa ili mtoto ale ni mama.

Linganisha na wasia wa Sayyidna Abubakar (R.A.) alipolituma jeshi lake Sham, kama alivyoupokea Imam Malik katika Muwatta. Alikataza wasiuawe wanawake, watoto na wazee. Na katika wasia huo huo akakataza isikatwe miti yenye matunda. Mwanamke na mti vimewekwa katika amri moja, kwa sababu anayeviharibu hivyo viwili huwa amewaua hata wale ambao hawajazaliwa.

Miaka 40 baadaye wakaja Waingereza na mradi wa karanga. Mwaka 1947 walileta mashine kubwa kubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, hii ya mwisho ikiwa katika Mkoa wetu wa Lindi wa leo. Misitu ikang'olewa kwa minyororo na matrekta. Mwaka 1951 mradi uliachwa, umekwisha kula kiasi cha pauni milioni 36, na karanga zilizopatikana hazikulipia hata sehemu ndogo ya gharama. Mama wa Kimwera aliyekuwa akilima karanga kwa jembe la mkono, akachanganya na mihogo na mbaazi, angeweza kuwaambia mengi juu ya udongo huo. Wenye mradi hawakumwendea.

Sasa ni sisi

Mpaka hapa ni rahisi kusoma, maana lawama zote ni za wengine. Lakini baada ya uhuru wa mwaka 1961 hatukuwa na Mjerumani wala Mwingereza wa kumsingizia, na pwani yetu haikusalimika.

Uvuvi wa baruti ulianza katika nchi yetu miaka ya 1960, na ingawa sheria iliukataza, Kilwa, Lindi na Mtwara ziliuzoea kwa muda mrefu. Umepungua sana tangu miaka ya karibu 2016, baada ya doria kuongezwa na baadhi ya vijiji vyenyewe kuukataa, lakini alama zake zingali chini ya maji. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Mshindo mmoja wa baruti hulivunja lile lililochukua umri wa babu, baba na mjukuu kukua. Na samaki wachanga hufa pamoja na wakubwa.

Nani anayepata hasara kwanza? Mwenye mashua atakwenda mbali zaidi. Mama hana mashua. Yeye huteremka pwani kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakipwa, na fimbo yake na kikapu chake, akatafuta pweza, chaza na kombe. Mwamba wa karibu ukifa, yeye hana mwingine.

Na mikoko vivyo hivyo. Zamani boriti za mikoko zilijaa majahazi kwenda Arabuni na Ghuba, na nyumba zetu wenyewe zimesimama kwa boriti hizo. Kukata kwa kiasi si kosa. Lakini kukata mkoko, mkandaa na muia bila ya kuacha mbegu, kwa ajili ya tanuri za chokaa au mabwawa ya chumvi, ni kuondoa malezi ya kaa na kamba na kuyafungulia mawimbi mlango. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalitiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na bahari iliyokuwa ikila ukingo ilikuwa miongoni mwa sababu. Yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza na kuzuia mawimbi.

Sasa tumtazame kijana wetu mmoja, na yuko katika kila mji. Siku ya Idi humletea mama yake doti ya khanga na kilo za mchele, akambusu mkono, akaombewa dua. Wiki ya pili huenda akakata mikoko ile ambayo mama yake huokotea kaa, au akalipua mwamba ule ambao mama yake huendea pweza. Khanga ni wema, na mwenye kuitoa ana thawabu yake. Lakini ameuchukua mlo wa mama yake wa mwaka mzima kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia amempa khanga ya siku moja.

Haki ya mama katika mirathi

Liko jingine, nalo ni zito zaidi kwa sababu hufanyika ndani ya nyumba. Mtu hufa akaacha minazi, miembe na kipande cha shamba. Watoto wa kiume na ami zao hukaa, wakagawana, kisha mama huambiwa, "Wewe mama utakaa kwetu, utakula kwetu." Maneno ni ya upole, lakini ndani yake mna dhulma.

Mwenyezi Mungu Mtukufu hakumwachia mtu kupima huruma yake katika jambo hili. Katika Sura ya Annisaa aya ya 7 amethibitisha kuwa wanawake wana fungu katika kilichoachwa, kiwe kidogo au kingi. Na katika aya za 11 na 12 ametaja mafungu yenyewe: mama wa maiti ana sudusi akiwa maiti ameacha watoto, mjane ana thumuni akiwa mumewe ameacha watoto, na robo akiwa hakuacha. Hayo si sadaka ya wanawe, ni mali yake. Sheria ya nchi nayo, tangu Sheria za Ardhi za mwaka 1999, imempa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Wale wa bara waliohesabu ukoo kwa mama walipoingia katika Uislamu walikubali nasaba ifuate kwa baba. Isiwe basi sisi tumechukua katika dini lile linalotufaa wanaume, tukaliacha fungu la mama. Mama asiye na ardhi hapandi mti, maana hajui kama mwakani atafukuzwa. Na shamba lisilopandwa miti huchoka.

Arobaini ya mwamba

Tusikate tamaa, kwani mema pia yako. Katika kisiwa cha Songosongo, wilaya ya Kilwa, wavuvi wamejaribu kufunga baadhi ya miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha wakaifungua kwa siku maalumu. Hekima yake haina ugeni kwetu. Mama akijifungua hukaa arobaini. Hafanyishwi kazi nzito, huogeshwa, hulishwa, mpaka nguvu zirejee. Pweza jike naye akishataga huyalinda mayai yake pangoni bila ya kula, mpaka yanapoanguliwa, kisha hufa. Anayemchoma kabla ya hapo amemwua yeye na kizazi chake. Kuufunga mwamba ni kuupa arobaini yake.

Kule bara la Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kutunza msitu wa mpingo, vikiwa vya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na wanavijiji. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Anayeuacha mchanga leo anamwekea mjukuu, na huko ndiko kuangalia mbali alikofanya Mrimba.

Nasi majumbani mwetu tuna la kufanya. Mwenye mama hai na amwulize maji ya kisima hiki yalikuwaje, pwani hii ilikuwa na nini, mti gani ulikuwa pale; kisha alisikilize jibu na kulifanyia kazi. Mwenye kugawa mirathi na aanze na fungu la mama. Mwenye kukata mkoko na apande. Na aliyefiwa na mama, anayetafuta la kumfanyia baada ya kisomo na hitma, na apande mnazi au mwembe kwa nia ya kumpelekea thawabu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa Mwislamu akipanda mti, kila anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti huo huandikiwa sadaka.

Mwisho tuikumbuke Sura ya Zilzala, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema. Humo tunafahamishwa kuwa siku hiyo ardhi itaeleza habari zake. Na Mtume amefasiri, katika Hadithi ya Tirmidhi, kuwa itamshuhudia kila mtu kwa alilolitenda juu ya mgongo wake. Ardhi ya Kilwa na Lindi ina mengi ya kueleza: ya wenye nguo, ya wenye minyororo, ya wenye pamba, na ya wenye baruti. Na mama naye ataulizwa jinsi wanawe walivyomtendea. Heri ya mtu ambaye mashahidi wake hao wawili watamsemea mema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwao, awarehemu mama zetu waliotangulia, na awape umri mwema walio hai. Amin.